Bunduki ya Gumegume: Nasaha kwa Mwenye Nia ya Kuinunua na Kuipiga

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha watu wa Marekani katika siku zao za mapumziko, hasa katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio, Indiana na Tennessee, mojawapo ni kupiga shabaha na kuwinda kwa bunduki za kale za gumegume, ambazo hushindiliwa baruti na risasi kwa kinywani na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Na kwa kuwa ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wamekwisha kufanya maskani katika nchi ile, wala si ajabu mmoja wao akaalikwa na jirani kwenda uwanjani siku ya Jumamosi, akarudi nyumbani ameshikwa na shauku ya kuwa na yake mwenyewe, nimeona si vibaya kuandika nasaha hizi mintarafu ya namna ya kuichagua bunduki hiyo iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengine, na namna ya kuipiga kwa salama. Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote ni matawi yake: bunduki ya gumegume haina hiana kwa mtu mwangalifu, na karibu kila aibu inayompata mpigaji, iwe ni kuwaka kisahani, kile kibakuli kidogo cha baruti kilicho kando ya mtutu, bila ya mlio, au risasi kwenda arijojo, huwa imekwisha kuandaliwa na mkono wake kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Yafaa kwanza msomaji akijue anachokitafuta. Mtambo wa gumegume tunaoujua leo ulitengenezwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na husemekana kuwa fundi wake wa kwanza alikuwa Marin le Bourgeoys wa mji wa Lisieux. Ukatawala dunia kwa karibu miaka 200, hata kasisi mmoja wa Scotland, Alexander John Forsyth, alipopata hataza yake mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa dawa ya kulipuka, na hapo ndipo zikafuatia fataki, yaani vikofia vidogo vyenye dawa hiyo, na jiwe likaanza kuachwa. Katika karne ya 18 mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi waliohamia Pennsylvania, hasa pande za Lancaster, waliichukua bunduki fupi nene ya wawindaji wa kwao, wakaurefusha mtutu wake hata ukapita mita moja, wakapunguza upana wa tundu ili risasi na baruti kidogo zimtoshe mtu aliye mbali na maduka, na ndani ya mtutu wakaendelea kuchonga mifuo inayozunguka mithili ya parafujo, ambayo huizungusha risasi inapotoka ili ishike njia yake. Hiyo ndiyo bunduki ndefu ya Pennsylvania, ambayo watu wengi huiita ya Kentucky.

Nayataja haya kwa sababu msomaji wa Afrika Mashariki ana kumbukumbu nyingine, ya gobori la babu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika bunduki za mifuo na za shabaha ya hakika, lakini ukaacha mlango wazi, kwa kibali, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Ndiyo maana silaha iliyozoeleka vijijini mwetu ilikuwa ni ile yenye mtutu laini ndani, ambayo mwenyewe aliweza kuishindilia kwa kukadiria baruti kiganjani na kutia kipande chochote cha madini. Mazoea hayo hayafai hata kidogo kwa bunduki ninayoizungumzia, ambayo yataka baruti ipimwe, risasi iwe ya kadiri moja, na kitambaa kinachoizunguka kiwe cha unene unaojulikana.

Jambo la sheria lisichukuliwe kwa wepesi. Katika Marekani, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 haiihesabu kuwa silaha ya moto bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, wala nakala ya kushindiliwa kwa kinywani isiyoweza kutumia risasi za kasha. Lakini kila jimbo lina kanuni zake, na baadhi yao huihesabu sawasawa na bunduki nyingine, basi sharti mtu aulize katika jimbo lake kabla ya kutoa fedha. Uingereza bunduki halisi ya kale yaweza kukaa ukutani kama pambo bila ya leseni, lakini siku mwenyewe anapoazimia kuipiga huhitaji hati ya polisi kwa bunduki na hati nyingine kwa baruti. Ama huku kwetu Tanzania na Kenya, gobori ni silaha kama silaha nyingine, na asiye na leseni asilishike, hata likiwa ni urithi wa mzee wake. Na popote alipo, msafiri akumbuke kwamba baruti haipandi ndege ya abiria.

Bunduki kuukuu za gumegume zinazouzwa leo ni za aina tatu. Ya kwanza ni zile halisi za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, ambazo thamani yake ni ya tarehe na ufundi, na ambazo mimi simshauri mwanafunzi kuzipiga; chuma chake ni cha kufuliwa kwa nyundo na kuunganishwa kwa moto, na aibu zake zimejificha ndani. Fauka ya hayo, nyingi kati ya hizo zilibadilishwa kutumia fataki zamani, fataki zilipoenea, kisha katika zama zetu zikarudishwa kwenye gumegume ili zipate bei. Mnunuzi mwenye macho hutazama bamba la mtambo atafute matundu yaliyozibwa, na hulinganisha uchakavu wa kisahani na uchakavu wa sehemu zilizobaki, kwani kipande kipya katika jamaa ya vipande vya kale hujitangaza chenyewe. Aina ya pili ni zile zilizotengenezwa na fundi mmoja mmoja katika nusu ya pili ya karne ya 20 kwa kufuata mtindo wa kale lakini kwa chuma cha kisasa. Hizi ndizo bora, na ndizo zenye bei. Ya tatu ni nakala za viwandani, kama vile Hawken ya Thompson/Center iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, au zile za Pedersoli na wenzake wa Gardone Val Trompia kule Italia. Aina hii ya tatu, ikiwa imetunzwa, ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo.

Bunduki ya Kiitaliano ina faida moja kwa mnunuzi, nayo ni kwamba juu ya mtutu wake zimepigwa mihuri ya ukaguzi, na kando yake, katika kisanduku kidogo, namba za Kirumi au herufi zinazoonyesha mwaka iliokaguliwa. Basi muuzaji akikwambia kuwa ni ya zamani sana, wewe soma chuma usisikilize hadithi. Mara nyingi utaona pia maneno yanayoamuru itumiwe baruti nyeusi peke yake, na amri hiyo haina tafsiri ya pili: baruti ya kisasa isiyo na moshi, hata kiasi kidogo, hata ikichanganywa, yaweza kuupasua mtutu na kuondoka na vidole vya mpigaji.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, ambao ndio roho ya ununuzi. Kabla ya lolote, hakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani. Bunduki nyingi za namna hii hukaa miaka juu ya ukuta zikiwa zimeshindiliwa, kwa kuwa aliyezishindilia alikufa au alisahau. Inua kile kibamba cha chuma kinachofunika kisahani, uone hakina baruti; kisha teremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, ndani ya mtutu mpaka ukome, utie alama mdomoni mwa mtutu, utoe mdeki na kuulaza nje sambamba na mtutu. Ncha yake ikifika usawa wa lile tundu dogo la kupitishia moto, mtutu ni mtupu; ikiishia mbele ya tundu kwa upana wa vidole viwili au zaidi, humo mna mgeni, na bunduki hiyo ipelekwe kwa fundi bila ya kuchezewa.

Mtutu ukithibitika kuwa mtupu, teremsha taa ndogo ndani yake utazame mifuo. Kutu nyepesi ya juu juu si msiba. Mashimo yaliyoliwa na kutu karibu na shina la mtutu, mahali baruti inapokaa, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hushika masizi na huenda yakahifadhi kaa la moto. Kisha funga kitambaa kikavu kinachobana kwenye ncha ya mdeki wa chuma, ukipitishe taratibu toka mwanzo hadi mwisho huku umefumba macho kama anayesikiliza: mahali kitambaa kinapokwama pana kutu au ukwaruzo, na mahali kinapolegea ghafula kisha kikabana tena, mtutu umevimba, na hiyo ni dalili ya kuwa mtu alipiga siku moja risasi ikiwa haikukaa juu ya baruti. Mtutu uliovimba usinunuliwe kwa bei yoyote. Tazama pia mdomo wa mtutu, kwani mdeki mchafu husugua kingo za mifuo upande mmoja, na risasi huiaga bunduki mahali hapo.

Baada ya mtutu ni mtambo. Una vituo viwili: cha nusu, ambacho ni cha usalama, na cha mwisho, ambacho ni cha kupigia. Vuta nyundo mpaka kituo cha nusu, kisha vuta kifyatulio kwa nguvu ya wastani. Nyundo isisogee kabisa. Vuta mpaka kituo cha mwisho, uisukume kwa gumba kutoka nyuma, nayo isianguke. Ukiona vifyatulio viwili, cha nyuma aghalabu ni cha kutega, na kikisha kutegwa, cha mbele huitika kwa mguso wa pumzi. Kiangaliwe kwa makini, na siku ya kupiga kisitegwe kabla bunduki haijaelekea shabaha.

Kisha omba ruhusa ya kulijaribu jiwe mahali penye giza kidogo, bila ya baruti. Nyundo ikianguka, ukingo wa gumegume hukipiga kile kibamba cha chuma juu kidogo ya katikati yake, hukikwangua kuteremka, na kibamba hurukia mbele na kufunua kisahani. Cheche njema ni nyeupe, nyingi, zinazoanguka ndani ya kisahani na kurukaruka humo kwa kitambo. Cheche nyekundu, chache, zinazofia hewani ni alama ya jiwe butu au ya chuma laini. Badili jiwe kwanza kabla ya kulaumu chuma. Likiwa jiwe ni jipya na kali na bado cheche ni dhaifu, pitisha kona ya tupa juu ya uso wa kibamba: tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu na aibu iko kwengine, ikiuma, kibamba kimepoteza ugumu wake, na fundi atalazimika kukitia moto upya au kukibadilisha. Si aibu ya kuikataa bunduki, lakini ni aibu ya kupunguza bei.

Tundu la moto nalo lina habari zake. Kwa kawaida upana wake ni kama milimita 1.6, na mahali pake ni usawa wa kingo za kisahani. Tundu lililopanuka kwa miaka mingi ya kupigwa hutoa nje nguvu ya baruti, nalo hurekebishwa kwa kutiwa kijiti kipya cha chuma chenye tundu. Lililowekwa chini mno, kwenye sakafu ya kisahani, ni kosa la mtengenezaji na ni taabu ya daima. Mwishowe kagua mti, hasa shingoni, pale mkono unapoikamata bunduki nyuma ya mtambo, kwani hapo ndipo mibao hupasuka.

Utaona kwamba sijasema kitu juu ya nakshi, wala juu ya vipande vya shaba na fedha vilivyopachikwa kitakoni. Wauzaji huanza na hayo, nasi tuyaweke mwisho, kwani uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye fedha za kutosha kwa jambo moja tu anunue mtambo mwema, na mwenye fedha za mambo mawili anunue mtambo na mtutu.

Vifaa vya kuipigia si vingi. Baruti iwe ile nyeusi ya asili, iliyo mchanganyiko wa shura takriban sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10, kama ile inayouzwa kwa majina ya Goex na Swiss. Zile badala zake za kisasa, mathalan Pyrodex, zataka joto kubwa zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe hazilitoshelezi. Zinafaa kwa fataki, si kwa gumegume. Ukubwa wa chembe huonyeshwa kwa herufi F, na kadiri herufi zinavyozidi, ndivyo chembe zinavyozidi kuwa ndogo: kwa mtutu wa inchi 0.50, yaani milimita 12.7, FFFg hufaa sana, na kwa kisahani FFFFg, ambayo ni laini kama unga. Risasi iwe ya duara, ya madini ya risasi safi laini yasiyochanganywa, yenye kipenyo pungufu kidogo kuliko tundu la mtutu. Kwa mtutu niliokwisha kuutaja, ile ya inchi 0.490, yenye uzito wa kama gramu 11.5, ndiyo ya kuanzia. Kitambaa kiwe cha pamba madhubuti, kisicho na nailoni ndani yake, chenye unene wa inchi 0.010 hadi 0.015, kilicholoweshwa mate au kupakwa mchanganyiko wa nta na shahamu, au mafuta ya halizeti. Mawe yanunuliwe ya kutosha. Yale meusi ya Brandon katika Uingereza, ambako wachongaji walikuwa wakilipatia jeshi la nchi yao mawe ya bunduki tangu zama za vita vya Napoleon, yana sifa njema, na yale ya Ufaransa yenye rangi ya asali pia.

Jiwe lifungwe kwa kipande cha ngozi katika meno ya nyundo, ukingo wake uwe sambamba kabisa na uso wa kibamba, na nyundo ikiwa katika kituo cha nusu, ukingo uwe karibu na chuma bila ya kukigusa. Baada ya mapigo kadhaa ukingo hufifia; basi hugongwa taratibu kwa kijiti cha shaba, vipande vidogo vikabanduka na makali yakarudi. Jiwe lililolegea au lililokaa kombo ndilo chanzo cha malalamiko mengi kuhusu bunduki hizi.

Siku ya kupiga, vaa miwani na vizibo vya masikio, na usimwache mtu asimame upande wa tundu la moto, kwa kuwa hutoka humo mwali wa kwenda kando wenye kuunguza. Futa mafuta yote yaliyomo ndani ya mtutu kwa kitambaa chenye spiriti, kwani mafuta ya mashine yakichanganyika na baruti hufanya lami. Sasa nyundo iwe imelala, kibamba kiwe wazi, kisahani kiwe kitupu, na ndani ya tundu la moto uchomeke unyoya wa kuku, ili baruti isilizibe na nafasi ya moto ibaki. Mimina baruti kutoka kwenye pembe kwanza katika kipimo, halafu kutoka katika kipimo ndipo uitie mtutuni. Pembe iliyojaa baruti isielekezwe kamwe kwenye mtutu uliokwisha kupigwa, kwa sababu kaa moja lililobaki ndani laweza kuigeuza pembe nzima kuwa kombora mkononi mwako. Kwa mtutu wa 0.50, kipimo cha kuanzia ni greni 50, ambazo ni kama gramu 3.2.

Tandika kitambaa juu ya mdomo wa mtutu, weka risasi juu yake, isukume iingie kwa kijiti kifupi, kisha ushindilie kwa mdeki. Hapa nawasihi wasomaji wangu wasiukamate mdeki juu mno, wakasukuma kwa pigo moja refu. Mti ukivunjika, kigongo chake kilichochongoka hupenya kiganja. Ukamate karibu na mdomo wa mtutu, usukume kwa hatua fupifupi mpaka risasi ikae juu ya baruti na kutulia, kisha utie alama kwenye mdeki mahali unapokutana na mdomo. Alama hiyo ni ulinzi mkubwa: ikipanda juu, ama risasi haijafika chini, na nafasi iliyobaki kati yake na baruti ndiyo inayovimbisha mitutu, ama umeshindilia mara mbili, ikizama chini, umesahau baruti.

Unyoya utolewe, bunduki ielekezwe shabaha, na hapo tu ndipo kisahani kitiwe baruti laini, kama theluthi yake, isilizibe tundu. Watu wengi hukijaza kisahani kwa kudhani kuwa wingi wa moto ni wepesi wa moto. Walakini tundu likijaa chembe, moto hulazimika kulipita kwa kuzichoma moja baada ya moja, ilhali tundu lililo wazi hupitisha mwali mara moja. Funga kibamba, vuta nyundo hadi mwisho, lenga, vuta kifyatulio pole pole.

Hapa ndipo gumegume inapotofautiana na kila silaha ya kisasa. Baina ya kuanguka nyundo na kutoka risasi kuna kitambo, kidogo sana katika mtambo mwema, kirefu hata masikio yakasikia milio miwili katika mtambo uliopuuzwa. Na ndani ya kitambo hicho kisahani huwaka mbele ya jicho, na mwili wa binadamu kwa tabia yake hushtuka. Anayeshtuka husogeza mtutu, na risasi hufuata mtutu. Dawa yake si ushujaa bali mazoezi: nyumbani, bunduki ikiwa tupu kabisa, badala ya jiwe funga kipande cha mti laini, uvute kifyatulio mara nyingi ukiwa umekazia macho alama ya kulengea, na uendelee kuikazia baada ya nyundo kuanguka, kana kwamba risasi ingali njiani. Atakayefanya hivyo atashangaa jinsi mazoezi haya yatakavyomsaidia pia katika bunduki nyingine yoyote.

Bunduki ikikataa kuwaka, usiishushe. Ishike imeelekea shabaha kwa dakika nzima, kwani baruti yaweza kuwa inaungua taratibu ndani, kisha safisha tundu kwa sindano, tia baruti mpya kisahanini, ujaribu tena. Ikiwa ulisahau kutia baruti mtutuni, jambo linalowapata hata wazee wa kazi hii, tumbukiza chembe chache za FFFFg kupitia tundu la moto kwa subira, hakikisha kwa mdeki kuwa risasi iko chini kabisa, kisha piga kuelekea mahali salama. Au itolewe kwa parafujo ya kuvutia risasi. Kupuliza ndani ya mtutu kwa kinywa ni ada mbaya, na asiikubali mtu yeyote.

Anza na shabaha ya mita 25, upige ukiwa umekaa na bunduki imeegemea mfuko wa mchanga. Baada ya kila mapigo matano, uwanja ukiwa umetangazwa kuwa salama, nenda mbele ukaviokote vile vitambaa, ambavyo huanguka hatua chache kutoka mdomo wa mtutu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyosema ukweli ambao matundu ya karatasini hayausemi. Kitambaa chema hurudi kizima, kingo zake zimechanika nyuzi kidogo, na katikati kina duara la masizi lenye alama za mifuo pembeni, kama kingeweza kutumika tena. Kilichoungua katikati kilikuwa kikavu mno au chembamba mno kwa baruti uliyotia. Kilichokatwa kwa mistari iliyonyooka kimekatwa na kingo kali, ama za mdomo wa mtutu, ama za mifuo ya bunduki iliyopigwa kidogo. Tengeneza kitambaa kwanza. Kisha ndipo uongeze baruti, greni 5 kwa kila hatua, mpaka uone mapigo yanakaribiana, na yanapoanza kutawanyika tena, rudi nyuma hatua moja ukae hapo. Kuongeza zaidi ya hapo hakuna faida ila teke la begani na gharama ya baruti. Na katikati ya mapigo pitisha kitambaa chenye maji maji ndani ya mtutu, kikifuatiwa na kikavu, ili kila risasi iikute njia ile ile.

Jioni ya siku hiyo hiyo bunduki isafishwe, isilale na uchafu wake. Mabaki ya baruti nyeusi yana chumvichumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na usiku mmoja wa masika watosha kuanzisha kutu ambayo mwaka mzima hautaiondoa. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ndiyo dawa yake bora, wala hakuna haja ya madawa ya bei: osha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, kausha, paka mafuta membamba, kisha ufungue mtambo kutoka kwenye mti, uusafishe na kuukausha vivyo hivyo. Kesho yake pitisha tena kitambaa. Kikitoka na wekundu, rudia kazi. Baruti iliyobaki irudi katika kopo lake la asili, mahali pakavu, mbali na moto na mbali na watoto, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu.

Mwanafunzi asijitenge. Chama cha taifa cha bunduki hizi katika Marekani, National Muzzle Loading Rifle Association, kilianzishwa mwaka 1933 na kina viwanja vyake katika kijiji cha Friendship, Indiana. Na vyama vidogo vimetapakaa katika majimbo, ambamo aghalabu hapakosekani mzee mmoja ambaye atafurahi kumwonyesha mgeni namna ya kulifunga jiwe. Kumwuliza mzee huyo kwa adabu kabla ya kununua kutamwokolea mtu fedha nyingi. Kule Pennsylvania, ambako baada ya Krismasi kuna msimu wa paa wa bunduki za gumegume, mtu atawakuta walimu wengi. Lakini asiende mwituni mpaka awe ameweza kutia risasi zake zote katika eneo la sahani ya chai kwa masafa anayokusudia kupigia, kwani mnyama hastahili kuwa ndiye shabaha ya kujifunzia.

La mwisho, weka daftari. Andika humo aina ya baruti na kiasi chake, kipenyo cha risasi, unene wa kitambaa na mafuta yake, hali ya hewa, masafa, na jinsi vitambaa vilivyorudi. Andika pia kila mara bunduki ilipokataa kuwaka na sababu uliyoigundua. Baada ya msimu mmoja utaona kwamba sababu hizo ni chache na zinajirudia: jiwe butu, tundu chafu, mafuta ndani ya mtutu, kisahani kilichojaa kupita kiasi, na kwamba zote zilikuwa katika uwezo wako. Siku utakapoiuza bunduki hiyo, daftari liende pamoja nayo, kwa maana mnunuzi atakayelipata atakuwa amepewa kile ambacho wewe ulikitafuta kwa taa na kitambaa, na bei yako itakuwa ya haki kwenu nyote wawili.